Maswali ya Wasafiri: Georgia, Mezani kwa Tamada

Tangu nilipotaja katika toleo lililopita kwamba niliishi Tbilisi miaka sita, barua hazijakauka. Kwanza niwatulize wale mlioniuliza habari za Atlanta, kule Marekani: siyo Georgia ile. Georgia yangu ni nchi ya milima ya Kaukazi, imepakana na Urusi upande wa kaskazini, Uturuki na Armenia upande wa kusini, na magharibi inanawa miguu katika Bahari Nyeusi. Wenyewe huiita Sakartvelo. Nilikwenda kusomea udaktari wa meno, nikaishia kuongoza watalii, hasa wale wa mashamba ya mizabibu. Na kinachowachekesha wengi ni kwamba mimi sinywi, wala sijawahi kunywa. Tutafika huko.

*Shikamoo dada. Septemba mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Wakala ametupangia siku saba: Tbilisi, Mtskheta, Stepantsminda, Sighnaghi, Telavi, Vardzia, Batumi, Mestia mpaka Ushguli. Anasema tutaiona nchi nzima. Unaionaje ratiba hii? Na makanisani tuvae nini?*
Mama Wawili

Marahaba, mdogo wangu, na hongereni. Ratiba nimeisoma mara mbili na kiuno kikaniuma. Kutoka Tbilisi hadi Mestia ni zaidi ya kilomita 450, na sehemu ya mwisho ni kona za mlimani: hiyo ni siku nzima. Kutoka Mestia hadi Batumi, siku nyingine imekatika. Ukijumlisha, karibu nusu ya safari ya maadhimisho yenu mtakuwa mnatazama kisogo cha dereva.

Ningekuwa mimi ningefuta Batumi, Vardzia na Svaneti yote, yaani huko Mestia na Ushguli, nikaziweka kwa safari ya pili. Kaeni Tbilisi siku mbili, Kakheti (mkoa wa mizabibu, wenye Sighnaghi na Telavi) tatu, Stepantsminda mbili. Na Stepantsminda mlale, msiende na kurudi siku hiyo hiyo kama vikundi vingi vinavyofanya. Wanaotoka Tbilisi asubuhi hufika saa sita au saba mchana, wakati mawingu yameshaufunika mlima Kazbek, wakapiga picha ya ukungu na kanisa la Gergeti, kisha wakageuza. Aliyelala huamka alfajiri, akafungua pazia, akaukuta mlima wa zaidi ya mita 5,000 umesimama mtupu mbele yake, na lile kanisa la karne ya 14 likiwa dogo kama kiberiti kwenye kilima chake cha mita 2,170.

Lakini siku tatu za Kakheti ndizo nitakazogombana na wakala wenu kwa ajili yake. Septemba ni rtveli, yaani mavuno ya zabibu. Hayana tarehe. Kila mwenye shamba huonja zabibu zake, akaamua, akawapigia simu ndugu, na kesho yake watu ishirini wako shambani na ndoo. Mara ya kwanza nilipokwenda, katika kijiji kimoja karibu na Telavi, nilikuwa bado mwanafunzi wa kazi, ninashika orodha ya majina ya wageni tu. Nilipewa mkasi wa kupogolea na mstari wa Saperavi. Zabibu nyingi nyeusi ukizipasua juisi yake ni nyeupe, rangi imo katika ganda. Saperavi ni nyekundu hadi ndani, na jina lenyewe maana yake ni kitu cha kutia rangi. Kufika saa nne vidole vyangu vilikuwa vya zambarau kama nimevunja kalamu ya wino, na nilikaa navyo karibu wiki, mpaka wahadhiri wangu wakaniuliza nimegusa dawa gani.

Saa nne hiyo hiyo tulitakiwa tuondoke. Ratiba ilisema makumbusho, kisha chakula mjini. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi alikwenda kwenye gari, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akarudi shambani bila kusema neno. Tuliondoka saa mbili usiku. Mchana tulikula mtsvadi, nyama iliyochomwa juu ya makaa ya matawi makavu ya mizabibu, hayo hayo yaliyopogolewa majira ya baridi, na wazee wawili wakaimba kwa sauti zinazogombana halafu zinapatana. Uimbaji huo wa sauti nyingi uliingizwa na UNESCO katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008. Siku ile hakuna aliyeutaja UNESCO. Kwa hiyo, mkimtafuta mwongozaji, msimuulize atawapeleka sehemu ngapi. Muulizeni amewahi kuvunja ratiba lini, na kwa nini.

Makanisani mwanamke hufunika kichwa na huvaa sketi; kaptula za wanaume hazipiti. Mlangoni kuna vitambaa vya kujifunga vya kuazima, vimevaliwa na dunia nzima. Chukua kanga zako mbili. Mimi nimeingia kanisa kuu la Svetitskhoveli pale Mtskheta na kanga mara zisizo na hesabu, moja kichwani na moja kiunoni, na walinzi wa mlangoni wakanizoea.

*Asalaam alaykum dada. Mfanyakazi mwenzangu Mgeorgia amenialika harusini kwao Kutaisi. Nimeambiwa huko mtu hukaa mezani kwa muda wa saa nane na kila mara glasi inanyanyuliwa. Mimi ni Mwislamu, sinywi. Nisije nikaonekana nimewadharau. Nifanyeje?*
Msafiri wa Kwanza

Wa alaykum salaam, kaka. Hili swali ni langu kabisa. Nimekaa kwenye meza hizo usiku usiohesabika, na kila mara nimeondoka na akili zangu zote, jambo ambalo wenzangu wengi hawawezi kujisifia.

Karamu yenyewe inaitwa supra. Usiione kama chakula cha jioni chenye vinywaji. Ni baraza, na baraza lina mwenyekiti. Huyo ni tamada. Huteuliwa kabla ya glasi ya kwanza, na kuanzia hapo hakuna anayekunywa divai kwa kiu yake tu. Unangoja tamada aseme. Atasimama, atazungumza dakika mbili au kumi, ataitaja amani, au Mungu, kisha nchi, wazazi, wageni, maarusi. Mpangilio hutofautiana kwa eneo na kwa tamada mwenyewe, ila ukifika wakati wa marehemu utajua, kwa sababu meza yote hupoa; wengine humwagia mkate tone la divai. Na karibu kila mara baada ya marehemu huja watoto na uhai, ili watu wasilale na huzuni. Kila alichosema tamada, wengine hupokezana kukiongezea, kisha ndipo glasi hunywewa kwa neno *gaumarjos*, ambalo asili yake ni kutakiana ushindi.

Sasa, glasi yako iwe na nini? Mwambie mwenyeji mapema, kabla ya kukaa, kwa sauti ya kawaida, kwamba dini yako hairuhusu. Usijifiche nyuma ya dawa za tumbo; Mgeorgia atakuletea chacha, pombe kali ya makapi ya zabibu, akuapie kwamba ndiyo dawa. Ukisema dini, wanaelewa. Hao ni watu wanaofunga wenyewe, Kwaresima yao haina nyama wala maziwa, na wanawafahamu Waislamu kwa karne nyingi: wapo Wageorgia wengi Waislamu katika mkoa wa Adjara, kule Batumi, na pale Tbilisi, mtaa wa mabafu ya maji ya moto ya Abanotubani, upo msikiti ambao Sunni na Shia wanasali pamoja. Omba kompoti ya matunda au limonadi ya kijani ya tarkhuna. Ila hakikisha glasi haikai tupu, na wakinyanyua, nyanyua.

Nikupe na onyo dogo. Kuna pembe ya ng'ombe au ya mbuzi inaitwa kantsi, na pembe haisimami mezani. Ukiipokea imejaa, huiweki mpaka umeimaliza. Usiku mmoja tamada mmoja wa Kakheti alinionea huruma, akaijaza kompoti ya cheri, karibu nusu lita, akanipa mbele ya watu thelathini. Nilikunywa yote. Usiku ule sukari haikuniacha nilale.

Jambo gumu kwako halitakuwa divai, kaka. Litakuwa maneno. Siku moja tamada atakutazama aseme *alaverdi*, maana yake amekupasia zamu. Mara yangu ya kwanza nilisimama, nikasema asante kwa chakula kizuri, nikaketi. Meza ikanyamaza. Tamada, mzee wa makamo mwenye mikono ya fundi seremala, akaniambia kwa upole: hayo huambiwa mhudumu wa hoteli, sisi tuambie kitu chako. Nikasimama tena. Nikasema habari za bibi yangu aliyenilea, namna alivyokuwa akipakua chakula cha mgeni ambaye hajafika, kila siku, sahani moja ya ziada. Mwanamume aliyeketi mbele yangu, jitu la kilo mia na zaidi, alilia. Basi andaa kitu cha aina hiyo. Kiwe cha kweli na kiwe kifupi.

Kuhusu chakula: nyama kwa kawaida si halali, na khinkali, zile dampling za mchuzi (vifuko vya unga vya kuchemshwa), mara nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe. Maneno ya kukumbuka ni *ghoris khortsi*, nyama ya nguruwe. Zipo khinkali za viazi, jibini na uyoga. Lobio ni maharage ya chungu yenye viungo, badrijani ni biringanya zenye kitoweo cha walinati, pkhali ni mboga za majani zilizopondwa na walinati hizo hizo. Njaa hutaijua. Ukipata siku ya ziada nenda bonde la Pankisi, huko huko Kakheti, kwa Wakisti ambao ni Waislamu. Nyumba za wageni za kijiji cha Duisi hulisha vizuri ajabu.

*Dada, kaka yangu aliniletea chupa kutoka Georgia. Imeandikwa divai nyeupe, lakini rangi yake ni ya chai ya rangi na inakausha ulimi. Imeharibika? Na wewe usiyekunywa unajuaje habari hizi?*
Mtu wa Mvinyo

Nianze na mwisho. Najua kwa pua, kwa mikono na kwa kusikiliza. Daktari wa wajawazito si lazima awe amezaa.

Chupa yako ni nzima. Ni divai ya mtungi, na rangi hiyo wenyewe huiita kaharabu. Kwingineko zabibu nyeupe hukamuliwa, maganda yakatupwa, juisi ikachachushwa peke yake. Kakheti huchukua vyote, juisi, maganda, kokwa na hata vikonyo, wakavitia ndani ya qvevri. Qvevri ni mtungi wa udongo wenye umbo la yai, uliozikwa ardhini mpaka shingoni, kiasi kwamba ukiingia katika marani, chumba cha mitungi, huoni mitungi. Unaona sakafu yenye midomo. Siku za mwanzo juisi huchemka yenyewe na maganda hupanda juu, kwa hiyo mtu huyasukuma chini kwa mti mara kadhaa kwa siku. Vikishatulia, mtungi hufunikwa kwa jiwe na udongo, ukaachwa mpaka majira ya kuchipua, miezi mitano au sita. Maganda na vikonyo hivyo ndivyo vilivyokausha ulimi wako, sawa na majani ya chai yaliyosahauliwa birikani.

Umbo la mtungi lina akili. Chini umechongoka: kokwa zenye uchungu huzama kwanza kwenye ncha, maganda yakazifunika, zikabaki huko zisiiharibu divai. Ardhi nayo huweka ubaridi wake ule ule, na hakuna umeme unaotumika. Ndani hupakwa nta ya nyuki mtungi ukiwa bado na joto.

Kusafisha ndiko nilikopenda. Mtungi mdogo husuguliwa kutoka juu kwa mti mrefu wenye kifundo cha magamba ya mcheri yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, huitwa sartskhi. Mkubwa, wa lita elfu na zaidi, mtu huingia. Nilikuwa mwembamba enzi hizo, nikaombwa, nikateremka kwa ngazi. Mlangoni mabega yalipita kwa shida. Ndani kuna giza la kahawia, harufu ya nta na mawe yaliyolowa, na sauti yako inakurudia kutoka kila upande. Mwenye nyumba aliinama juu akaniamuru nisinyamaze hata kidogo: nikinyamaza, watanivuta, kwa sababu mtungi uliobaki na hewa ya uchachu unaweza kumlaza mtu. Nikahesabu kwa Kiswahili, moja mpaka mia nne na kitu, huku nikisugua. Ndiyo maana wageni wangu siku zote niliwakataza kuinamisha uso kwenye mtungi unaochemka, hata kwa picha.

Kazi hii ni ya kale kweli. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba vigae vya vyungu kutoka Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, kusini mwa Tbilisi, vilikuwa na mabaki ya divai ya miaka kama 6000 kabla ya Kristo. Lakini ilikaribia kufa juzi tu. Viwanda vya enzi ya Usovieti vilitaka divai nyingi na ya haraka, mitungi ikabaki nyuma ya nyumba za wanavijiji wachache. Mwaka 2006 Urusi ikafunga soko lake kwa divai ya Georgia, mpaka 2013. Watu walilia. Kisha wakaanza kutafuta wanunuzi mbali, na wanunuzi hao wa mbali wakawa wanaulizia ile ya mtungini. UNESCO nao wakauorodhesha utengenezaji wa divai kwa qvevri mwaka huo huo wa 2013.

*Mwaka jana tulikwenda Tusheti. Kijijini mke wangu alikaribia kijumba cha mawe chenye pembe za wanyama ili apige picha, wanaume wakampigia kelele. Mwongozaji wetu alicheka tu. Tuliudhika sana. Ulikuwa ubaguzi?*
Baba Tatu

Poleni. Kile kilikuwa khati, mahali patakatifu pa kijiji, na desturi ya Tusheti na ya jirani yake wa milimani, Khevsureti, ni kwamba wanawake hawapasogelei. Mimi mwenyewe desturi hiyo siipendi, na nimebishana nayo mezani zaidi ya mara moja. Lakini sikuwahi kuuvuka mpaka wao, kwa sababu mgeni ni mgeni. Kosa kubwa naliona kwa mwongozaji. Hayo husemwa Tbilisi kabla ya kupakia mizigo: hapa mama hapiti, na nyama ya nguruwe haipandi Tusheti, hata soseji moja ndani ya begi. Anayecheka wakati mgeni wake anafokewa hajui kazi, hata kama anaendesha vizuri.

Na kuendesha kule si mchezo, nakubali. Njia ya Abano inapita zaidi ya mita 2,800, ya kokoto, haina kingo, na hufunguka majira ya joto tu, kwa kawaida Juni hadi Oktoba. Kwa wengine mnaofikiria kwenda: gari la kawaida msilipeleke, lipeni dereva wa huko. Mkitembea kwa miguu, mbwa wa wachungaji ni hatari kuliko maporomoko. Ukiwaona wanakuja usikimbie wala usipite katikati ya kondoo. Simama, muite mchungaji, ngoja. Namba ya dharura nchi nzima ni 112.

*Maswali mafupi.*

Fedha? Ni lari, yenye tetri 100. Mjini kadi inapita. Milimani beba noti, ndogo ndogo.

Abkhazia inapendeza pichani, niende? Hapana. Abkhazia na Ossetia Kusini haziko chini ya mamlaka ya serikali ya Tbilisi, na kuziingia kwa upande wa Urusi ni kosa kwa sheria ya Georgia.

Ngozi nyeusi inatazamwaje? Inatazamwa sana, vijijini hasa. Sokoni Telavi bibi mmoja alizishika nywele zangu bila kuomba ruhusa, akazipima uzito, akanipa churchkhela mbili za bure: zile kamba za walinati zilizochovywa juisi nzito ya zabibu zikakauka. Siku nyingine nilipata maneno mabaya kwenye basi dogo, marshrutka. Yote mawili ni kweli.

Mwenye nyumba nimpelekee zawadi gani? (Nimeulizwa na watatu.) Pesa usimpe mezani, utamwudhi, malipo ya chumba fanya asubuhi, kando. Peleka kitu cha kwenu. Mimi nilimpelekea mama mmoja wa Sighnaghi kanga. Aliitundika juu ya televisheni, maandishi yakionekana. Jina la kanga lilikuwa *Mgeni njoo, mwenyeji apone*. Nilikuwa nimeichagua kwa makusudi, maana wao nao husema mgeni ni wa Mungu. Akataka nimtafsirie. Nikajitahidi kwa Kigeorgia changu cha wakati ule. Akanisikiliza, akaitazama kanga, akatazama jikoni alikokuwa mumewe, kisha akaniuliza kwa wasiwasi: kwani humu ndani nani mgonjwa?